Mwizi Amehukumiwa, Aliyeibiwa Je?

Mwaka 2007 ilianza katika nchi yetu kampuni iliyojulikana kwa jina la DECI. Wanachama wake hawakusema kwamba wanaweka fedha. Walisema wanapanda mbegu. Wala hawakusema kwamba wanapokea faida, walisema wanavuna. Waliotangulia walivuna kweli, na mavuno yao ndiyo yaliyokuwa tangazo kwa majirani. Lakini katika upatu wa namna hiyo shamba lenyewe halipo. Fedha ya aliyekuja leo hupewa aliyekuja jana, na siku wageni wanapokoma kuja, mavuno nayo hukoma. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli hizo. Wakurugenzi walifikishwa mahakamani, na mwezi wa Agosti 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani wanne kati yao kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za watu bila leseni. Wakapewa adhabu ya faini au kifungo.

Hivyo sheria ilisema neno lake, na wengi walisema kwamba haki imetendeka. Lakini yafaa tujiulize: haki ya nani? Faini ya mahakama huingia katika hazina ya Serikali. Kifungo humfikisha mkosaji gerezani, ambako hulishwa kwa kodi ya wananchi, na aliyeibiwa naye ni mmoja wao. Mama aliyeuza cherehani yake ili apande mbegu hapati cherehani kwa sababu mtu fulani amelala gerezani. Swali letu la juma hili basi ni hili: mwizi akiisha kuhukumiwa, je, deni lake kwa aliyeibiwa limekwisha? Na kama halijakwisha, sheria za nchi zina wajibu gani wa kulidai?

Kabla ya kujibu yanipasa kukiri jambo moja. Nilipokuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya shamba, alinijia ofisini mzee mmoja, fundi wa baiskeli, mtu mnyofu ambaye kila Dominika alifika kanisani kabla ya kengele. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kutia fedha yote, pamoja na ada ya binti yake, katika mchezo mmoja wa simu ulioahidi kuizidisha fedha kila juma. Mchezo ule ulikuwa umetoweka usiku mmoja, na namba zote zilikuwa zimezimwa. Alitaka nimshauri aende wapi. Nami, kijana niliyetoka seminarini karibuni, nikamwambia, "Mzee wangu, tamaa mbele, mauti nyuma." Aliinama akasema, "Ni kweli, Baba Padre." Akachukua kofia yake, akaenda zake. Hakuja tena kuniomba shauri lolote.

Methali ile ni ya kweli, lakini siku ile niliitumia vibaya. Mtu aliyeanguka kisimani haambiwi kwanza kwamba angetazama njia. Kwanza hutupiwa kamba. Tangu siku ile nimesikia neno langu lilelile katika vinywa vya wengi: polisi, watumishi wa ofisi, ndugu wa walioibiwa, hata waandishi wa magazeti. "Walijitakia." Naona neno hilo ndilo ukuta wa kwanza unaowazuia walioibiwa wasirudishiwe mali yao, maana jamii ikiisha kuamini kwamba mtu amejitakia, hakuna anayeona haja ya kubadili sheria kwa ajili yake.

Basi tulipime neno hilo. Mtu akiacha mlango wa nyumba yake wazi usiku, na mwingine akaingia akachukua godoro, twaweza kusema kwamba wa kwanza amekosa busara. Wa pili amekosa haki. Makosa haya mawili hayapimwi kwa mizani moja, wala upumbavu wa mwenye nyumba haumpi mwizi haki ya kulalia lile godoro. Vilevile tamaa ya aliyedanganywa, hata kama ilikuwapo, haihamishi mali yake iwe ya mdanganyifu. Mali iliyotoka kwa hila bado ina mwenyewe.

Tena si kweli kwamba kila aliyedanganywa aliongozwa na tamaa. Tufikiri ule ujumbe unaojulikana na karibu kila mwenye simu katika nchi yetu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Humnasa nani? Hamnasi mvivu asiyemtumia mtu yeyote kitu. Humnasa mama anayejiandaa kumtumia mwanawe ada, kijana aliyeahidi kumsaidia baba yake mgonjwa, mtu anayedaiwa na anataka kulipa deni kwa wakati. Wajanja hawa huvua katika maji ya uaminifu. Na upatu nao haukuenea kwa ajili ya tamaa tu. Ulienea kwa sababu dada alimwamini dada, mwalimu alimwamini mwalimu mwenzake, mwumini alimwamini kiongozi wake wa dini. Anayewaibia watu kwa hila huiba mali, na pamoja na mali huharibu kitu ambacho jamii haiwezi kuishi bila hicho, yaani kuaminiana.

Sasa tuitazame haki yenyewe. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoeleza juu ya kurudisha mali, alipambanua mambo mawili katika kila wizi. Moja ni kwamba mizani kati ya watu wawili imepotoka: mmoja ana kisicho chake, na mwingine amepungukiwa na kilicho chake. La pili ni kosa lenyewe la dhuluma, ubaya wa nia ya mtenda. La kwanza hutengenezwa kwa kurudisha; la pili hutengenezwa kwa adhabu ya hakimu. Tazama jinsi mafundisho hayo yanavyolingana na swali letu. Dawa mbili, kwa magonjwa mawili. Sheria inayoadhibu bila kurudisha imetoa dawa moja tu, tena imempa mgonjwa asiyekuwa ndiye.

Sheria ya Musa ilijua jambo hilo. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza aliagizwa kulipa ng'ombe watano, na kwa kondoo mmoja, kondoo wanne. Aliyemdhulumu jirani yake kwa udanganyifu aliagizwa kurudisha mali yote na kuongeza juu yake sehemu ya tano, naye alipaswa kuikabidhi kwa mwenyewe siku ileile anapoleta sadaka ya kosa lake. Hakuruhusiwa kuanza na madhabahu na kumwacha jirani nyuma. Zakayo naye, mkuu wa watoza ushuru, siku Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakuomba tu msamaha, alitaja hesabu. Wala mambo haya si mageni kwa mila zetu. Wazee walipoketi barazani juu ya ng'ombe aliyeibwa, jambo la kwanza lilikuwa mwenye ng'ombe arudishiwe, na fidia juu yake. Serikali za kigeni zilipokuja na magereza yao, zilituzoeza kuliona kosa kuwa shauri baina ya mkosaji na Serikali, na aliyekosewa akawa shahidi tu, anayeitwa kusema aliyoyaona na kisha kwenda nyumbani kwa nauli yake.

Hatusemi kwamba sheria zetu hazina kitu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inampa hakimu uwezo wa kuamuru kwamba aliyetiwa hatiani, pamoja na adhabu yake, amlipe fidia aliyepata hasara. Mwaka 2019 sheria iliongezewa utaratibu wa makubaliano kati ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa anayekiri kosa, na katika makubaliano hayo fidia yaweza kuwekwa. Ni mambo mema. Lakini jambo la fidia limeachwa katika hiari ya hakimu. Sheria inasema "aweza", haisemi "sharti". Kuna pia Bima ya Amana, ambayo tangu 2023 humkinga mwenye akiba hadi shilingi 7,500,000. Lakini kinga hiyo ni kwa ajili ya benki na taasisi zenye leseni zinapofilisika. Aliyepanda mbegu kwa mjanja asiye na leseni hana mwavuli huo. Njia iliyobaki ni kufungua kesi ya madai. Je, mtu aliyepoteza shilingi laki tatu atamlipa wakili kwa nini? Kwa kesi ya namna hiyo gharama ya kuidai haki hupita haki yenyewe, na mjanja anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi.

Tutazame sasa wenzetu walivyofanya. Huko Marekani, Desemba 2008, alikamatwa Bernard Madoff, aliyeendesha kwa miaka mingi upatu mkubwa uliovikwa suti ya heshima. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021. Lakini kazi haikuishia katika hukumu. Msimamizi aliyewekwa na mahakama alianza kuzifuatilia fedha zilikokwenda na kuzidai. Mali zilizotwaliwa na Serikali nazo ziliwekwa katika mfuko wa walioibiwa, na hazikumezwa na hazina. Mfuko huo ulipomaliza kazi yake mwishoni mwa 2024, watu zaidi ya 40,000 katika nchi zaidi ya 100 walikuwa wamerudishiwa karibu sehemu 94 kwa mia za hasara yao. Ni kweli kwamba miaka 16 ni mingi, na wengine walikufa wakingoja. Hata hivyo hapo imeonekana kwamba maneno "fedha imekwisha potea" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyetumwa kuitafuta.

Uingereza nao walishika njia nyingine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu akidanganywa akatuma fedha kutoka benki yake kwenda kwa mjanja ndani ya nchi hiyo, benki hupaswa kumrudishia, kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi, hadi paundi 85,000. Gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Aliyefanya uzembe mkubwa mno hana haki hiyo. Lakini aliye dhaifu, kwa ugonjwa au dhiki au uzee, huhurumiwa hata hapo. Nia ya sheria hiyo ni rahisi kueleweka. Benki iliyomfungulia mjanja hesabu ndiyo iliyomwona uso na kupokea karatasi zake. Ikijua kwamba nayo italipa, italinda mlango wake vizuri zaidi kuliko bibi kizee awezavyo kulinda simu yake.

Wako watakaopinga, nao wana hoja ya kusikilizwa. Watasema: mkiwarudishia watu kila wanachopoteza, watazoea uzembe, na fedha ya kuwalipa itatoka kwa wale waliokuwa waangalifu. Hoja hii ina nguvu kwa sehemu. Kama fidia ingetolewa na hazina, mkulima asiyepanda mbegu yoyote angelipa kwa kodi yake hasara ya jirani yake, na hilo halingekuwa haki. Lakini sisi hatuombi hazina ilipe. Twaomba kwamba mali ya mdanganyifu ilipe kwanza. Na pale mlinzi wa mlango alipolala, naye alipe sehemu yake. Ama uzembe, nani atakayejitia makusudi katika mateso ya kuibiwa, kwenda polisi, kuhojiwa na kungoja, kwa kutumaini kurudishiwa kile kilichokuwa chake tangu mwanzo?

Na wanaodhani kwamba jambo hili ni la watu wachache wakumbuke Albania. Huko, mwanzoni mwa 1997, kampuni za upatu zilipoanguka, madeni yake yalikuwa yamefikia karibu nusu ya pato lote la taifa. Watu waliopoteza kila kitu waliivamia Serikali waliyoiona imewaacha. Maghala ya silaha yalivunjwa, na watu wapatao 2,000 walikufa. Hasira ya aliyeibiwa asiyekuwa na mahali pa kudai haki yake haifi. Hutafuta mlango mwingine.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wabunge wetu mambo manne. Kwanza, katika makosa ya udanganyifu wa mali, hakimu apaswe kisheria kulitazama jambo la fidia katika kila hukumu, na asipoitoa aandike sababu. Pili, aliyeibiwa atangulie hazina: faini isilipwe hata senti moja mpaka walioibiwa wamelipwa kadiri mali iliyopatikana inavyotosha. Tatu, fedha inayoshukiwa izuiwe upesi. Katika simu fedha hukimbia kwa dakika, na karatasi zetu hutembea kwa majuma. Taarifa ya aliyeibiwa, ikitolewa saa ileile, itoshe kuisimamisha fedha hiyo kwa muda mfupi mpaka uchunguzi ufanyike. Nne, walioibiwa na mjanja mmoja wawekewe msimamizi mmoja wa kudai kwa niaba yao wote, ili fundi wa baiskeli asihitaji wakili wake mwenyewe.

Lakini limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo haliwahusu wajanja bali watu wema. Tumesema kwamba waliotangulia katika upatu walivuna kweli. Walivuna nini? Walivuna mbegu za waliofuata. Katika shauri la Madoff wengi waliotoa fedha zaidi ya zile walizoweka walidaiwa kuirudisha ziada, hata wale wasiojua lolote juu ya hila ile. Walilalamika: "Sisi tumekosa nini?" Jibu ni kwamba huenda hawakukosa lolote, hata hivyo ziada ile haikuwa yao. Mtakatifu Thoma afundisha kwamba wajibu wa kurudisha hautoki katika kosa peke yake; hutoka pia katika kitu chenyewe. Aliye na mali ya mwingine mkononi, ijapokuwa aliipokea kwa moyo safi, akiisha kujua ni ya nani hana ruhusa ya kuendelea kuishika.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Katika kigango kimoja cha parokia ile niliyoitaja palikuwa na kijana mfanyabiashara aliyeingia mapema katika mchezo uleule uliommaliza yule mzee. Alipata faida, akatoka. Kwa shukrani alikipa kigango mabati 24, nasi tuliyapokea kwa vigelegele na kumwombea katika Misa. Mchezo ulipoanguka, hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, mpaka siku moja katika kikao cha halmashauri mama mmoja mkulima aliuliza, "Baba Padre, mvua ikinyesha humu tunakingwa na mabati ya nani?" Palikuwa kimya. Kila mmoja aliona kwamba fundi wa baiskeli, kila Dominika, alikuwa akiketi chini ya sehemu ya ng'ombe wake.

Wengine walisema tumeyapokea kwa nia njema, yaishe. Wengine walisema hatuwezi kujua shilingi ya nani ilinunua bati lipi. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini familia tatu zilizopoteza fedha katika mchezo ule tulizijua kwa majina, nazo zilikuwa zetu. Mwishowe halmashauri iliamua kwamba thamani ya mabati irudishwe. Tulichanga kwa misimu miwili ya mavuno, kwa debe la mahindi na kwa shilingi, tukazigawia familia zile kadiri ya hasara ya kila moja. Mzee wangu alipata fedha isiyotosha hata ndama. Nilimpelekea mwenyewe nyumbani kwake, na pamoja na fedha nilimpelekea neno la kuomba radhi kwa methali yangu ya siku ile. Alihesabu noti zile polepole, kisha akasema, "Padre, sikutegemea kwamba kuna mtu anayeikumbuka."

Sheria haikutulazimisha kufanya vile, wala hatudhani kwamba sheria yaweza kufika kila mahali dhamiri inapofika. Lakini ni aibu kwa sheria ya nchi nzima kubaki nyuma ya halmashauri ya kigango. Wabunge wafanye kazi yao. Nasi, ndugu wasomaji, tusingoje mpaka waimalize. Aliyeibiwa atoe taarifa siku ileile bila kuona haya. Anayepokea taarifa asimcheke. Na yule kati yetu aliyevuna shamba ambalo halikupandwa ahesabu alichopata, atafute kilitoka kwa nani, na akirudishe. Asipomjua mwenyewe, wako maskini, ambao mafundisho ya Kanisa yametuonyesha tangu zamani kuwa ndio warithi wa mali isiyojulikana mwenyewe. Akiisha kufanya hivyo, aje kanisani na sadaka yake.